ZED-F9P juu ya paa la Tanga: kipokezi kidogo cha kuichungulia ionosfia

Kipokezi cha ZED-F9P cha kampuni ya u-blox ya Uswisi kinajulikana zaidi kwa wapima ardhi na warusha droni. Ni kipande cha milimita 17 kwa 22, kidogo kuliko kibiriti, na watu hukinunua kwa sababu kinatoa mahali kwa usahihi wa sentimeta. Hapa kinapimwa kwa kazi nyingine: kufuatilia ionosfia, lile tabaka la angahewa kuanzia kilomita 60 hivi hadi zaidi ya 1,000 ambamo mnururisho wa jua huzichopoa elektroni kutoka kwenye gesi. Kwa mtu wa Tanga, Pangani au Bagamoyo anayetaka kujua jua linayafanya nini mawimbi ya setilaiti juu ya kichwa chake, jibu fupi ni hili. Kinunue kama unataka kupima jinsi wingi wa elektroni unavyobadilika dakika hadi dakika. Usikinunue kama lengo ni kupima kumetameta kwa nguvu ya mawimbi. Wengi hawazitofautishi kazi hizi mbili, na huko ndiko pesa inakopotelea.

Kwanza mahali penyewe, maana bila hapo kifaa hakina maana. Tanga ipo nyuzi 5 kusini ya ikweta ya ramani, lakini ikweta ya sumaku inapita kwingine. Huku Afrika Mashariki ikweta hiyo ya sumaku imepanda hadi karibu nyuzi 9 kaskazini, juu ya Ethiopia. Mchana, uga wa umeme huziinua elektroni juu ya ikweta hiyo ya sumaku, kisha zinateremka zikifuata mistari ya usumaku wa dunia na kurundikana kaskazini na kusini, kiasi cha nyuzi 15 kila upande. Hesabu mwenyewe: anzia 9 kaskazini, shuka nyuzi 15, unaangukia nyuzi 6 kusini, yaani kati ya Tanga na Bagamoyo. Kilele hicho cha kusini husogea kila siku, lakini pwani hii ni njia yake. Watafiti wa nchi za mbali husafirisha mitambo kuja kutafuta mahali kama hapa. Mkazi wa Chumbageni, Tanga, anapanda ngazi tu.

Jua likizama mambo hugeuka. Sehemu ya chini ya ionosfia hufifia haraka, ya juu inabaki nzito juu ya nyepesi, kama maji yaliyomiminwa juu ya mafuta. Hapo ile nyepesi hupenya kwenda juu kwa mapovu. Povu likipanda hadi kilomita 800 au 1,000 hivi juu ya ikweta ya sumaku, matawi yake hufuata mistari ya usumaku na kutua juu ya Tanga. Likiishia chini ya hapo, Addis Ababa wanalipata, Tanga hawana habari nalo. Ndiyo sababu miaka ambayo jua limetulia huwa kimya huku kwetu, na miaka ya kilele cha jua, kama ilivyokuwa 2024, ina vurugu. Msimu wake mkubwa ni Machi na Aprili, kaskazi inapogeuka kuwa kusi, tena Septemba na Oktoba. Saa zake ni kuanzia saa moja na nusu jioni hadi saa saba usiku hivi.

Kuna jambo linalowapotosha wanaoanza. Taarifa za dhoruba za sumaku zinazotolewa na kituo cha NOAA kule Boulder, Marekani, zenye ngazi za G1 hadi G5, ni nzuri, lakini peke yake hazimsaidii sana mtu wa Tanga. Dhoruba ya tarehe 10 Mei 2024 ilifika G5, ya kwanza tangu 2003. Mshtuko wake uliigonga sumaku ya dunia saa 17:05 UTC, ambayo Tanga ni saa mbili na dakika tano usiku. Dhoruba ya namna hiyo inaweza kuyakuza mapovu iwapo umeme wake unafika wakati wa machweo, na saa kadhaa baadaye ikayazima kabisa, kwa sababu upepo wa juu uliopashwa joto kwenye ncha za dunia huleta uga wa umeme ulio kinyume. Upande wa pili, jioni ya Machi iliyotulia, Kp (kipimo cha msukosuko wa sumaku ya dunia, 0 hadi 9) ikiwa 1, inaweza kuyavuruga mawimbi kuliko usiku wa G3. Hilo taarifa ya Boulder haikuambii. Antena iliyo juu ya paa lako inakuambia.

Sasa kifaa. Ionosfia huchelewesha mawimbi kwa kiasi kinachotegemea masafa yake: mita za ucheleweshaji ni 40.3 mara idadi ya elektroni kwenye safu ya mita moja ya mraba, gawanya kwa masafa kipeo cha pili. Kipimo cha kawaida ni TECU, ambayo ni elektroni 10 kwa kipeo cha 16 kwa kila mita ya mraba. TECU moja huchelewesha L1 ya GPS (megahezi 1,575.42) kwa sentimeta 16. Ionosfia yenye TECU 100 inakupa kosa la mita 16. L2 (megahezi 1,227.60) huchelewa zaidi, na tofauti kati ya L1 na L2 ni sentimeta 10.5 kwa kila TECU. Kipokezi cha masafa mawili kinaipima tofauti hiyo moja kwa moja. Simu ya kawaida ya masafa mamoja haina njia hiyo. Hutegemea makadirio yanayotangazwa na GPS yenyewe, ambayo huondoa takriban nusu tu ya kosa.

ZED-F9P hupima mwendo wa wimbi lenyewe, yaani fezi, kwa kelele ya milimita chache. Kwa hesabu ya TECU hiyo ni 0.03 au 0.04 tu, jambo zuri sana kwa bei yake. Kwa upande wa kodi, yaani mfuatano wa alama unaobebwa na wimbi, kelele ni kama nusu mita, sawa na TECU 5, kwa hiyo kodi itumike kuweka msingi tu na fezi ndiyo ifanye kazi. Bodi iliyokwisha kuunganishwa, ya SparkFun au ArduSimple kwa mfano, huuzwa dola 200 hadi 300 bila nauli wala ushuru. Vipokezi vilivyotengenezwa mahsusi kwa kazi hii bei yake ni maelfu ya dola.

Upungufu wa kwanza: kwenye L2 kinasoma mawimbi ya L2C pekee, yale mapya ya kiraia. Setilaiti kongwe za GPS za kundi la IIR hazitangazi L2C, kwa hiyo hizo zitaonekana kwenye L1 tu na hazifai kwa kazi hii. Usidhani antena imekufa. Galileo, setilaiti za Ulaya, zinaziba pengo vizuri kwa masafa yao ya E1 na E5b. GLONASS za Urusi ziache kando unapopima wingi kamili wa elektroni, kwa kuwa kila setilaiti yao ina masafa yake na makosa yake.

Unaponunua, soma herufi za mwisho za jina. Matoleo ya 02B na 04B ni ya L1 na L2. Toleo la 15B ni la L1 na L5, masafa ya tatu ya GPS. Yote mawili yanafaa, ila antena zake ni tofauti: ANN-MB-00 ni ya L1/L2, ANN-MB1 ni ya L1/L5. Ukichanganya, L1 itafanya kazi vizuri kabisa na utapoteza siku nzima ukitafuta kwa nini masafa ya pili ni dhaifu au hayapo. Kwa sasa toleo la L1/L2 lina nafuu kidogo, kwa kuwa setilaiti za GPS zenye L2C ni nyingi kuliko zenye L5.

Kufunga antena pwani kuna adabu yake. ANN-MB-00 ina sumaku chini na waya wa mita 5, na inahitaji bati bapa chini yake, la kipenyo cha sentimeta 15 hivi, ili ikatae mawimbi yanayotoka chini. Usiiweke kwenye mlingoti mfupi wa nusu mita juu ya paa la mabati: mawimbi yatadunda kwenye bati na kuingia kwa mara ya pili, mwangwi mtupu. Ama ibandike kwenye paa lenyewe, sehemu ya juu kabisa, paa zima liwe bati lake, ama ipandishe juu kabisa ya kila kitu, tangi la maji likiwemo. Raskazone, Sahare na kote ambako upepo wa bahari unapiga moja kwa moja, adui mkubwa ni chumvi. Kiungio cha SMA kikiachwa wazi huota ukungu wa kijani, na dalili yake si kukatika ghafla bali nguvu ya mawimbi kushuka polepole kwa wiki kadhaa. Zungushia utepe wa mpira ule unaojigandisha wenyewe, uvute hadi upungue unene kidogo, anzia chini kwenda juu ili maji ya masika yateleze juu ya mikunjo. Kisha juu yake zungushia utepe mweusi wa umeme kuukinga na jua. Waya upindwe chini kidogo kabla haujaingia ndani, tone la maji lidondoke hapo lisifuate waya hadi kwenye bodi. Weka kizuia radi chenye waya wa ardhini. Kasha la bodi liwe jeupe na kivulini, sababu utaiona kwenye hesabu za mwisho.

Kikitoka dukani, kipokezi hutuma taarifa za NMEA tu (mahali na saa zilizokwisha kukokotolewa), ambazo kwa kazi hii hazina faida. Kwenye programu ya u-center washa ujumbe wa RXM-RAWX (vipimo ghafi) na RXM-SFRBX (data zinazotangazwa na setilaiti), weka kipimo kimoja kwa sekunde, zima NMEA, kisha hifadhi kwenye kumbukumbu ya flashi. Usipohifadhi, umeme ukikatika kinarudi kilivyokuwa, na utagundua baada ya wiki kwamba faili zote zimejaa maneno ya NMEA. Tumia mlango wa USB. Mlango wa UART unaanza na kasi ya 38,400: kwa kipimo kimoja kwa sekunde chenye mawimbi 55 unatosha, kwani ni baiti 1,784 tu, ukipandisha hadi vipimo 10 kwa sekunde haiwezekani, ujumbe utakatwa katikati bila onyo.

Hesabu hiyohiyo inakupa ukubwa wa hifadhi: megabaiti 154 kwa siku, kwa hiyo flashi ya gigabaiti 32 inakaa zaidi ya miezi sita. Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi inatosha kurekodi, kwa amri moja ya RTKLIB, programu ya bure ya data za GPS:

str2str -in serial://ttyACM0 -out /data/tng_%Y%m%d%h.ubx::S=1

Hiyo S=1 hufungua faili jipya kila saa. Umeme ukikatika unapoteza saa moja, si siku nzima. Andika kwenye flashi ya USB, si kwenye kadi yenye mfumo wa kompyuta, maana kadi hizo huharibika zikikatiwa umeme zinapoandika. Ukikadiria matumizi ya wati 4 kwa kila kitu, betri ya volti 12 na saa-ampea 20, ikitumika nusu, inabeba siku moja nzima.

Kubadilisha kuwa RINEX, muundo wa pamoja wa data za GPS, tumia convbin ya RTKLIB, na hapa kuna mtego. Chagua toleo la 3, si 2.11. Katika 2.11 kodi ya L2C huandikwa C2, na programu kadhaa za TEC (wingi wa elektroni) hutafuta P2 peke yake. Zisipoikuta zinakupa mchoro mtupu bila kueleza kosa. Kwa kutuma kwa intaneti, punguza hadi kipimo kimoja kila sekunde 30. Data ya siku nzima inabaki sehemu moja ya thelathini ya ile ya mwanzo, na bando la kawaida linaimudu.

Saa nazo zina faida ambayo watu wa huku hawaioni mara moja. Faili la RINEX la siku hufungwa saa sita usiku ya UTC, ambayo Tanga ni saa tisa usiku. Mapovu yetu yameshapita. Kwa hiyo jioni nzima ya vurugu, tangu machweo, inakaa ndani ya faili moja. Andika tu saa za UTC kwenye michoro yote, na kumbuka kipokezi kinatunza saa ya GPS, iliyo mbele ya UTC kwa sekunde 18.

Kipimo cha kukitumia ni ROTI, yaani jinsi kasi ya mabadiliko ya TEC inavyoyumba. Chukua tofauti ya fezi ya L1 na L2 kwa kila setilaiti iliyo zaidi ya nyuzi 30 juu ya upeo wa macho, igeuze kuwa TECU, tafuta inabadilika kiasi gani kwa dakika kila sekunde 30, kisha piga mchepuko wastani wa dakika 5. Ikizidi 0.5, kuna vurugu kwenye njia ya setilaiti ile. Uzuri wake ni kwamba makosa ya kudumu ya kipokezi na ya setilaiti yanafutana yenyewe, hakuna haja ya kuyajua. Kwa nyuzi 30, ukichukulia ionosfia iko kilomita 350 juu, mstari wa kutazama unaitoboa mbali na antena kwa zaidi ya kilomita 500. Ukitazama kaskazini unachungulia latitudo ya Mlima Kenya. Ukitazama kusini unakaribia Lindi. Antena moja Tanga inalinda pwani yote hiyo.

Kinachoharibu ROTI ni kuruka kwa mizunguko, yaani kipokezi kupoteza hesabu ya mawimbi kwa nusu sekunde na kurudi na hesabu isiyo sahihi. Mzunguko mmoja wa L1 ni sentimeta 19, kwa hiyo utaona ngazi ya ghafla ya TECU 1.8. Mmoja wa L2 ni TECU 2.3. Hizo zinajulikana kwa macho. Mbaya ni pale L1 na L2 zinaporuka mzunguko mmoja kwa pamoja: ngazi ni TECU 0.5 tu, inayofanana kabisa na ionosfia halisi. Hapo ndipo faida ya kurekodi kila sekunde inapoonekana. Ionosfia, hata iliyochafuka, hupanda kwa hatua kadhaa, sekunde hadi sekunde. Mruko hutokea kati ya kipimo kimoja na kinachofuata, kisha mstari unaendelea kama kawaida. Safisha data ya sekunde moja kwanza, ndipo uchukue ya sekunde 30.

Adui wa pili ni mwangwi. Kuna njia moja ya uhakika ya kumtambua: setilaiti za GPS hurudia mahali zilipokuwa baada ya saa 23 na dakika 56. Kama mawimbi ya mchoro yanatokea leo saa mbili kamili, kesho saa mbili kasoro dakika 4, keshokutwa saa mbili kasoro dakika 8, hiyo si ionosfia. Ni tangi la jirani au mwembe. Linganisha siku tatu mfululizo kabla hujatangaza umeona povu. Njia hii haifanyi kazi kwa Galileo, kwani marudio yake ni ya siku 10 hivi.

Sasa kile ambacho kifaa hiki hakikifanyi. Kumetameta kwa nguvu ya mawimbi hupimwa kwa S4, ambayo inataka nguvu ya wimbi isomwe mara 50 hivi kwa sekunde. ZED-F9P hutoa nguvu hiyo kwa namba nzima za desibeli, 41, 42, 43, bila nukta. Kukata huko peke yake kunaweka sakafu ya S4 ya karibu 0.07 hata anga likiwa shwari, tena namba yenyewe imelainishwa ndani ya kipokezi. Kuna watu wanachora S4 kwa data yake na kuitangaza. Kwa kuonyesha kwamba tukio kubwa lilikuwepo, sawa. Kwa kulinganisha na vituo vya utafiti, hapana. Kwa kazi hiyo, okoa pesa hadi upate kipokezi cha kumetameta halisi.

Wingi kamili wa elektroni unawezekana, kwa jasho. Makosa ya setilaiti hutolewa bure na vituo vya uchambuzi, ila kosa la kipokezi chako unalitafuta mwenyewe, kwa kawaida kwa kudhani kuwa kabla ya alfajiri anga ni jembamba na sawa pande zote. Karibu na kilele cha kusini dhana hiyo hulegalega. Isitoshe kosa la kipokezi hubadilika na joto, na kasha lililowekwa chini ya bati lisilo na dari huoka mchana na kupoa usiku. Ndiyo maana ya kivuli na rangi nyeupe. Pima matokeo yako dhidi ya kituo cha MAL2 cha Malindi, kilomita 260 hivi kutoka Tanga, ambacho faili zake hutolewa bure na IGS, mtandao wa kimataifa wa vituo vya GPS. Namba zikiachana kwa kiasi kilekile mchana na usiku, ni kosa lako la kudumu. Zikiachana mchana zaidi, huenda ni kilele chenyewe kimesogea, na hiyo ni habari ya kufurahia.

Wanaotaka kujua hatima ya setilaiti za chini wafahamu kuwa antena hii haipimi uzito wa hewa ya huko. Tarehe 3 Februari 2022 SpaceX ilirusha setilaiti 49 za Starlink, zikaachwa kilomita 210 hivi juu. Dhoruba ndogo tu ikaivimbisha hewa ya juu na karibu 40 zikaanguka. Hilo hulioni kwenye GPS. Utalifuata kwa data za mizunguko zinazotolewa bure na CelesTrak, ukiangalia setilaiti inapoteza mita ngapi kwa siku. Mchoro huo ukiuweka kando ya TEC yako ya mchana, utaona yote mawili yakipanda na kushuka na mzunguko wa jua wa siku 27, kwa kuwa mnururisho uleule unaochopoa elektroni ndio unaoipasha hewa joto.

Mwenye bajeti ya vipokezi viwili asivifunge vyote Tanga. Cha pili kiende Korogwe, iliyo karibu latitudo ileile, kama kilomita 70 magharibi. Mapovu husafiri kwenda mashariki kwa takriban mita 100 kwa sekunde, kwa hiyo povu likipita Korogwe, Tanga linafika baada ya dakika 11 au 12. Tumia setilaiti ileile kwenye vituo vyote viwili, teleza mchoro mmoja juu ya mwingine hadi vilingane, kisha gawanya umbali kati ya vituo kwa dakika ulizoteleza, upate kasi ya povu.